Saa sita bila WhatsApp: uchambuzi wa hitilafu ya Facebook ya tarehe 4 Oktoba 2021

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, saa 12:40 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, ruta za Facebook, yaani vifaa vinavyoelekeza data, zilianza kurusha mabadiliko mengi ya njia kwa mitandao jirani. Muda mfupi baadaye Facebook, WhatsApp, Instagram na Messenger hazikupatikana tena popote duniani. Kwenye simu dalili ilikuwa ndogo tu: alama ya saa pembeni mwa ujumbe ambayo haikugeuka kuwa tiki. Watu wakazima data na kuwasha, wakahisi bando limeisha, wakabadili laini. Njia zilianza kurudi saa 6 usiku.

Kampuni wakati huo ilikuwa na watumiaji zaidi ya bilioni 3.5 kwa mwezi ukijumlisha huduma zake zote. Kwa hiyo kisa hiki kimeandikwa sana, na mara nyingi kimeandikwa vibaya. Wapo wanaosema chanzo ni DNS (mfumo wa majina ya tovuti na anwani zake), wapo wanaosema ni BGP (mfumo wa njia kati ya mitandao). Vyote viwili vilihusika, lakini vilifanya kile vilichoagizwa. Amri moja iliyokosewa iligeuka kuwa giza la saa sita kwa sababu karibu kila kifaa cha kuirekebisha kilikitegemea kile kile kilichoharibika. Tatizo la namna hiyo lipo pia kwenye tovuti ya duka lenye wafanyakazi wawili, na hapo ndipo kisa hiki kinapotuhusu.

Kilichotokea ndani

Mtandao wa Facebook una sehemu za aina mbili. Kuna vituo vikubwa vya data vinavyohifadhi akaunti, picha na kuendesha huduma zenyewe. Kisha kuna vituo vidogo vilivyotawanywa duniani, karibu na watumiaji, ambavyo ndivyo vinavyokutana na intaneti ya kila mtu. Ukifungua programu, ombi lako linafika kwanza kituo kidogo, kisha linasafirishwa hadi kituo kikubwa kupitia uti wa mgongo wa kampuni, yaani mikongo yake yenyewe inayounganisha vituo vyote.

Uti wa mgongo huo hufanyiwa matengenezo mara kwa mara: kipande cha mkongo kinatolewa kazini, ruta inaongezewa programu mpya. Siku ile, katika matengenezo ya kawaida, ilitolewa amri iliyokusudiwa kupima uwezo uliopo kwenye uti wa mgongo. Badala ya kupima, ikakata viungo vyote. Kampuni ilikuwa na chombo cha kukagua amri za aina hiyo na kuzizuia kabla hazijatekelezwa, ila chombo hicho kilikuwa na kasoro na kikaiachia ipite. Vituo vikubwa vikabaki kila kimoja peke yake.

Hadi hapo ni hitilafu kubwa, lakini ni ya ndani. Hatua ya pili ndiyo iliyoifuta kampuni kwenye ramani ya intaneti.

Seva za DNS za Facebook, zile zinazojibu swali «facebook.com iko anwani gani?», zilikaa kwenye vile vituo vidogo. Zilipewa kanuni hii: seva ikishindwa kuvifikia vituo vikubwa vya data, ijihesabu kuwa mgonjwa na iache kujitangaza kwa BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuambiana ni nani anapatikana kupitia njia ipi. Ukiifikiria kwa kituo kimoja, kanuni hiyo ni nzuri. Kituo cha mji fulani kikikatika, kinajiondoa, na watumiaji wanaelekezwa kituo kingine kilicho kizima bila wao kujua.

Siku ile vituo vyote vilikatika kwa pamoja. Kila kimoja kikafuata kanuni na kujiondoa. Hakuna kilichouliza kama kuna mwenzake aliyebaki. Hili ndilo kosa la usanifu ambalo yeyote anayeandika ukaguzi wa afya wa seva anapaswa kulikumbuka: kanuni ya kujitoa inahitaji kikomo. Ikiwa ukaguzi unaonyesha seva zote ni wagonjwa, jibu salama kwa kawaida ni kuziacha zote zikiendelea kujibu kwa taarifa za mwisho zilizokuwa nazo, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba kilichoharibika ni kile unachopimia.

Kilichoonekana nje

Tulitazame swali moja la DNS hatua kwa hatua. Simu yako inauliza seva ya utafutaji majina, labda ya mtandao wako wa simu, labda 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google. Kama haina jibu katika hifadhi yake ya muda, seva hiyo inaziuliza seva za .com. Hizo ziliendelea kujibu vizuri kabisa jioni ile: facebook.com inahudumiwa na seva nne, a.ns.facebook.com hadi d.ns.facebook.com, na anwani zake ni hizi. Anwani hizo nne zinatoka kwenye makundi mawili, 129.134.30.0/23 na 185.89.218.0/23, na yote mawili yako chini ya mtandao mmoja, AS32934, wa Facebook wenyewe. Njia za kuelekea makundi hayo zilikuwa zimeondolewa. Seva ya utafutaji inajaribu ya kwanza, inasubiri, inajaribu ya pili, hadi ya nne, kisha inarudisha jibu SERVFAIL.

Jibu hilo lina maana mahususi. NXDOMAIN husema jina halipo. SERVFAIL husema jina huenda lipo, ila nimeshindwa kupata jibu la kuaminika. Aliyeendesha `dig facebook.com`, amri ya kuuliza DNS, jioni ile na kuona SERVFAIL alijua papo hapo kwamba kikoa, yaani jina facebook.com lenyewe, hakijafutwa wala hakijaisha muda. Hata hivyo uvumi ulienea kwamba facebook.com inauzwa, kwa kuwa baadhi ya tovuti za kutafuta vikoa ziliionyesha kama iko sokoni. Kikoa hicho kilikuwa kimesajiliwa kupitia RegistrarSafe, msajili anayemilikiwa na Facebook. Hata taarifa za usajili zilikuwa ndani ya nyumba ile ile.

Uvumi wa pili ulikuwa wa hujuma. Usiku uliotangulia Frances Haugen, mfanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo, alikuwa amejitokeza kwenye televisheni ya Marekani kuishutumu, na siku moja baada ya hitilafu alitoa ushahidi mbele ya Seneti. Nyakati ziligongana tu. Kampuni ilieleza kuwa hakukuwa na shambulio.

Wakati huohuo mamilioni ya simu hayakukubali jibu. Programu zinapokosa jibu hurudia kuuliza, na mtu naye huvuta skrini kufungua upya. Cloudflare ilieleza kuwa seva zake zilipokea maswali mara 30 zaidi ya kawaida kuhusu majina ya Facebook. Kwa mtandao mdogo wa simu ambao seva zake za DNS zimepangiwa mzigo wa kawaida tu, wimbi kama hilo linaweza kuchelewesha hata tovuti zisizohusika kabisa. Ukiandika programu inayowasiliana na seva, usiiache irudie kila sekunde. Iache isubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8 hadi kikomo cha dakika chache, na uongeze tofauti ya nasibu ili simu zote zisigonge mlango kwa wakati mmoja.

Kwa nini saa sita

Wahandisi hawakuweza kuingia kwenye ruta kwa njia ya kawaida kwa sababu mtandao ulikuwa chini. Njia ya akiba, ule mtandao wa pembeni uliowekwa mahsusi kwa dharura, nayo haikufanya kazi. Vifaa vya ndani ambavyo hutumika kuchunguza na kutatua hitilafu vilihitaji DNS ya kampuni, ambayo haikuwepo. The New York Times liliripoti kuwa baadhi ya wafanyakazi walishindwa kuingia majengoni kwa sababu kadi zao za milango hazikutambuliwa.

Ikabidi watu watumwe hadi kwenye vituo vya data kwa miguu yao. Vituo hivyo vimejengwa viwe vigumu kuingilika, na mashine zenyewe zimewekwa ili hata aliyesimama mbele yake asiweze kuibadilisha kirahisi. Ulinzi huo ni halali na hatuulaumu. Kuulegeza kwa sababu ya tukio la nadra kungefungua mlango wa hatari za kila siku. Gharama yake ni muda, na siku ile ililipwa yote kwa mkupuo.

Uti wa mgongo uliporudi, hawakuwasha kila kitu mara moja. Kila kituo cha data kilikuwa kimepungukiwa na matumizi ya umeme kwa makumi ya megawati. Kurudisha mzigo huo ghafla kungeweza kuharibu kuanzia mifumo ya umeme hadi hifadhi za muda za seva. Hapa kampuni ilivuna mazoezi yake: kwa muda mrefu imekuwa ikifanya majaribio ya kuzima huduma, kituo au hata eneo zima kwa makusudi ili kuona nini kitavunjika. Haikuwahi kujaribu kuzima uti wa mgongo wote, lakini ujuzi wa kurudisha mzigo taratibu ilikuwa nao. Mabadiliko ya njia yalifika kilele saa 6:17 usiku, na dakika chache baadaye facebook.com ikaanza tena kujibu.

Kilichobaki kikifanya kazi

Intaneti haikuanguka siku ile. Barua pepe zilienda, tovuti zilifunguka, SMS na simu za kawaida ziliendelea. Tunalisisitiza hili kwa sababu kwa watu wengi Afrika Mashariki, WhatsApp na intaneti ni kitu kimoja, na si kwa uzembe wao. Vifurushi vya mitandao ya kijamii ni nafuu kuliko bando la kawaida. Mpango wa Facebook wa Internet.org, uliokuja kuitwa Free Basics, uliingia Tanzania na Kenya mwaka 2014 ukifungua bure tovuti chache zilizochaguliwa. Mtu mwenye kifurushi cha aina hiyo pekee, huduma zilipozimika, hakuwa hata na njia ya kusoma habari kwamba zimezimika.

Linganisha na barua pepe. Seva yako ya barua ikizimika saa sita, anayekutumia hapotezi kitu: seva yake inaweka ujumbe kwenye foleni na kujaribu tena. Kiwango cha SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe (RFC 5321), kinashauri pengo la angalau dakika 30 kati ya majaribio na kutokata tamaa kabla ya siku 4 hadi 5. WhatsApp nayo haikupoteza jumbe; zilisubiri kwenye simu. Tofauti ni kwamba barua pepe ya mtu mwingine, aliye kwa mtoa huduma mwingine, haikuguswa. Seva ndogo huzimika mara nyingi kuliko seva za makampuni makubwa, na asikudanganye mtu kuhusu hilo. Ila ikizimika, inazimika peke yake.

Facebook yenyewe iliwahi kuwa na mlango uliofunguka kidogo. Kuanzia mwaka 2010 gumzo lake liliweza kutumiwa na programu yoyote inayozungumza XMPP, itifaki ya wazi ya ujumbe wa papo hapo, ingawa haikuruhusu seva nyingine kuunganishwa nayo. Mlango huo ulifungwa mwaka 2015. Kwa hiyo mwaka 2021 waliokimbia walikimbilia ukuta mwingine: Pavel Durov wa Telegram alisema watumiaji wapya zaidi ya milioni 70 waliingia kwa siku hiyo moja, na Signal ikapokea mamilioni. Hakuna aliyeweza kumwandikia kutoka Telegram rafiki aliyebaki WhatsApp. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya masoko ya kidijitali, sasa unaitaka Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook, ifungue WhatsApp na Messenger kwa huduma nyingine zitakazoomba. Sheria hiyo haifiki kwetu, na hili ni jambo ambalo wadhibiti wa mawasiliano wa Afrika Mashariki wangestahili kulishika kwa pamoja.

Ukaguzi kwa mwenye tovuti au biashara

Anza na DNS. Endesha `dig NS jina-lako.co.tz +short`, kisha tafuta anwani ya kila seva inayotajwa kwa `dig A` na mmiliki wa anwani hiyo kwa `whois`. Facebook walikuwa na seva nne na zote zikatoweka kwa pamoja, hivyo wingi wa majina si kinga. Kwenye huduma za bei nafuu ni kawaida kukuta ns1 na ns2 zikielekea mashine ile ile. Dawa ni seva ya pili kwa mtoa huduma tofauti, anayenakili rekodi zako kwa uhamishaji wa AXFR (njia ya seva za DNS kunakiliana rekodi zote) uliolindwa kwa ufunguo wa siri wa TSIG. Tarehe 21 Oktoba 2016, kampuni ya DNS iitwayo Dyn iliposhambuliwa, waliokuwa na mtoa huduma wa pili walikuwa na pa kuegemea.

Kosa linalojirudia hapa ni namba ya toleo kwenye rekodi ya SOA, ile inayobeba taarifa kuu za kikoa. Ukibadilisha rekodi bila kuipandisha namba hiyo, seva ya pili haitajua kuna jipya, na wateja wako watapata majibu mawili tofauti kulingana na bahati. Muda wa kuisha, ulio kwenye rekodi hiyohiyo na unaoiambia seva ya pili iendelee kujibu hadi lini ikikosa ya kwanza, nao uangaliwe: sekunde 1209600, yaani siku 14, unakupa nafasi ya kutosha. Ukiuweka saa chache, seva ya pili itaacha kujibu wakati ule ule unaoihitaji. Kama umewasha DNSSEC, yaani saini za kuthibitisha majibu ya DNS, hakikisha saini zinanakiliwa pia, la sivyo saini zikizeeka utatengeneza SERVFAIL yako mwenyewe.

Kuhusu TTL, muda ambao seva nyingine huhifadhi jibu lako, hakuna jibu moja. Sekunde 300 zinakuruhusu kuhama haraka, lakini seva zako za majina zikizimika, baada ya dakika 5 hakuna anayekukumbuka. Kwa rekodi zisizobadilika weka saa 1 hadi 24, na ushushe siku moja kabla ya kuhama.

Kisha tafuta mizunguko ya utegemezi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowafunga Facebook nje. Barua pepe ya akaunti yako kwa msajili wa kikoa isiwe ndani ya kikoa hichohicho: kikoa kikiharibika, barua ya kubadili nenosiri haitakufikia. Namba za akiba za uthibitisho wa hatua mbili zichapishwe kwenye karatasi. Anwani ya IP ya seva iandikwe mahali nje ya seva. Hakikisha unaweza kuingia kwenye seva kupitia laini ya mtandao mwingine wa simu, siyo intaneti ya ofisi pekee. Mahali pa kutangazia wateja kuwa kuna hitilafu pawe nje ya mifumo yako. Facebook siku ile walitangaza Twitter. Na kama tovuti inaruhusu kuingia kwa akaunti ya Facebook, mpe kila mtumiaji njia ya pili ya barua pepe au namba ya simu, kwani jioni ile waliotegemea kitufe hicho walifungiwa nje ya tovuti ambazo zenyewe zilikuwa nzima.

Anayepokea oda kwa WhatsApp aweke namba za wateja kwenye faili la kawaida la CSV, kwa ridhaa yao, alisasishe kila wiki, na afungue akaunti ya SMS za jumla mapema, maana kusajili jina la mtumaji huchukua muda. Kiswahili kinaingia vizuri kwenye SMS: herufi zake zote zimo kwenye alfabeti ya GSM, kwa hiyo unapata herufi 160 kwa ujumbe. Mtego ni ule mkato wa ng'. Simu na programu za kuandikia hubadili mkato ulionyooka kuwa uliopinda, na mkato uliopinda haumo kwenye alfabeti hiyo. Neno moja kama ng'ombe likiandikwa hivyo, ujumbe wote unahamia kwenye usimbaji mwingine na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Tangazo la herufi 150 lililopaswa kuwa SMS moja linakuwa tatu, na ukituma kwa wateja 500 unalipia 1,500. Emoji moja hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kutuma, bandika maandishi kwenye kihariri cha kawaida na ubadilishe mikato yote.

Kwa timu inayotaka mawasiliano yake ya ndani yasitegemee kampuni moja, seva ya XMPP kama Prosody ni nyepesi: mashine ya kukodi yenye RAM ya MB 512 inatosha kikundi cha watu makumi kadhaa. Unahitaji kikoa, cheti cha TLS cha bure kutoka Let's Encrypt, na milango ya mtandao (port) 5222 kwa watumiaji na 5269 kwa seva nyingine. Kinachokwamisha mara nyingi ni cheti: kinajiongezea muda, lakini Prosody haisomi nakala mpya mpaka uielekeze kuipakia, na baada ya miezi 3 watu wanashindwa kuingia. Kigumu zaidi ni watu wenyewe. Usitegemee wateja wakufuate huko. Itumie kwa wale wanaopaswa kuongea wakati kila kitu kingine kimezimika, na waitumie walau mara moja kwa wiki ili programu isiwe imefutwa siku ya dharura.

Zoezi lenyewe ni la nusu siku. Chagua asubuhi isiyo na shughuli nyingi, zima seva moja ya majina, na tazama kutoka mitandao miwili ya simu kama tovuti bado inafunguka. Iwashe, kisha jifanye huna WhatsApp wala intaneti ya ofisi, na mwache mtu asiyeujenga mfumo ajaribu kuingia kwenye seva kwa kufuata karatasi peke yake. Mahali atakaposimama na kuuliza ndipo pa kurekebisha kwanza.